Nafundisha wodini miaka minne sasa. Je, kazi hii ina njia ya kupanda?

Swali: *Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Kwa miaka minne nimekuwa nikiwapokea wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu na wa tano, pamoja na madaktari watarajali. Naipenda kazi hii, lakini sikuwahi kufundishwa kufundisha. Naiga tu nilivyofundishwa mimi. Chuo hakijanipa hata barua. Wenzangu wananiambia napoteza muda, maana mchana wao wako kwenye hospitali binafsi. Nafikiria kuchukua mkopo nikasome shahada ya uzamili ya elimu ya tiba nje ya nchi. Je, ni uamuzi mzuri? Na kufundisha kunaweza kweli kunipandisha, au niihesabu kazi hii kuwa ni sadaka?*

Jibu: Daktari, usikope bado. Shahada ya elimu ya tiba ni kitu kizuri na nitaizungumzia huko mbele, lakini haitatibu tatizo ulilolieleza. Unafanya kazi kubwa ambayo haijaandikwa popote. Haimo kwenye faili lako la utumishi, haimo kwenye kumbukumbu za chuo, na hata nikikuomba leo unioneshe ulichofundisha mwaka jana, utanihadithia kwa mdomo. Ukirudi na shahada ukaikuta hali hiyo hiyo, utakuwa na cheti na deni, na bado hutambuliki. Kwa hiyo nakupangia hivi: kwanza ushahidi na barua, kisha mwenzako wa kukutazama ukifundisha, kisha kozi fupi inayokulazimisha kufanya mradi hapo hapo hospitalini kwako. Shahada ije mwisho, kama bado utaona unaihitaji.

Na kazi hii si sadaka. Mtarajali unayemsimamia mwezi huu, mwakani huenda yuko zamu ya usiku peke yake katika hospitali ya wilaya, na mgonjwa wa kisukari anayepumua kwa kasi ataletwa mbele yake. Alichokipata kwako ndicho kitakachomwongoza. Hiyo ni huduma ya wagonjwa ambao hutawaona kamwe, na inastahili kuhesabiwa kama kazi nyingine yoyote ya bingwa.

Tuangalie kwanza kwa nini haihesabiwi, kwa sababu ukilijua hilo utajua pa kugonga hodi. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963 ikiwa chini ya Wizara ya Afya, ikaingia chuo kikuu mwaka 1968, na mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa Muhimbili Medical Centre. Hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 na baadaye ikajengewa chuo chake pale pale. Katika mahali pa namna hiyo daktari na mwalimu walikuwa mtu mmoja, jengo moja, mara nyingine hata bosi mmoja. Vyuo vya udaktari vilipoongezeka, kuanzia Mwanza hadi Dodoma na Mbeya, wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda vya hospitali za kufundishia, wakaanza kupelekwa hospitali za mikoa kama yako. Huko daktari ni mtumishi wa Wizara. Wizara inamlipa kwa ajili ya wagonjwa, na chuo kinafaidika na ufundishaji wake. Kila upande unadhani upande mwingine ndio unaomtambua. Wewe umesimama katikati.

Basi gonga pande zote mbili, kila upande kwa lugha yake.

Upande wa utumishi, tathmini ya kazi yako sasa inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Madaktari wengi hujaza humo kliniki, raundi na upasuaji, basi. Wewe jaza pia ufundishaji, na uujaze kwa namna inayopimika. Usiandike "kufundisha wanafunzi", kwa sababu hilo halina mwanzo wala mwisho. Andika, kwa mfano, kwamba katika kila robo ya mwaka utamtazama kila mtarajali wa idara yako akimhoji na kumpima mgonjwa, angalau mara mbili, na kumpa mrejesho wa maandishi. Zungumza na mkuu wa idara kabla hujaingiza, ili isije ikaonekana umejibunia kazi. Mganga Mfawidhi mwenye busara atalipenda, kwa sababu mtarajali aliyesimamiwa vizuri humpunguzia makosa ya dawa na malalamiko ya ndugu wa wagonjwa.

Upande wa chuo mambo ni tofauti. Ngazi unazijua: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Katika vyuo vya umma ngazi hizo zina vigezo vyake, na uzito mkubwa uko kwenye machapisho. Sitakuficha hilo. Anayedhani atapanda chuoni kwa sababu tu wanafunzi wanampenda atasubiri sana. Lakini ufundishaji unaweza kuzaa machapisho, tena yako wewe, kutoka wodini kwako, bila maabara na bila fedha za wafadhili. Nitakuonesha namna yake baada ya kuzungumzia ufundishaji wenyewe, kwani huwezi kuandika vizuri juu ya kitu unachokifanya kwa kuiga tu.

Unasema unaiga ulivyofundishwa. Wengi wetu tulifundishwa kwa maswali ya kushtukiza mbele ya kitanda: mwalimu anauliza, wa kwanza hajui, wa pili hajui, wa tatu anasogea nyuma ya mwenzake, mgonjwa anatazama dari. Njia hiyo inamfundisha mwanafunzi kujificha. Badala yake jifunze jambo moja dogo, ulitumie mpaka likae mkononi. Mwaka 1992 Jon Neher na wenzake, madaktari wa familia wa Marekani, walieleza njia ya hatua tano kwa mwalimu mwenye dakika chache tu. Mimi naiona inafaa hospitali zetu kuliko njia nyingine yoyote niijuayo, kwa sababu haihitaji projekta wala chumba.

Chukua mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anakuletea habari za mama wa miaka 34, aliyejifungua miezi miwili iliyopita, anavimba miguu na usiku hawezi kulala chali. Silika yako ni kumkatiza na kuanza kueleza. Jizuie. Muulize kwanza, "Wewe unafikiri ana nini?" na umwache ajifunge kwenye jibu lake. Tuseme anajibu upungufu wa damu. Sasa muulize, "Nini kimekufanya ufikiri hivyo?" Hapo ndipo utakapoona kichwa chake kinavyofanya kazi: labda alisikia kwamba alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, lakini hakutazama kope. Ukishajua pengo lilipo, mpe kanuni moja tu, ile atakayoibeba kwenda kwa mgonjwa mwingine: mama anayeonesha dalili za moyo kushindwa kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, ugonjwa wa misuli ya moyo utokanao na uzazi lazima uwe kwenye orodha yako. Kisha mwambie alichofanya vizuri, na ukitaje kwa jina: "Umemuuliza analala na mito mingapi, hilo limetusaidia." Mwisho rekebisha kosa, nalo pia kwa jina: "Hukutazama mishipa ya shingo. Rudi kwake sasa, mwinulie kichwa cha kitanda, utazame, uje uniambie." Mazungumzo hayo yote hayamalizi dakika tano. Mwanafunzi ameondoka na kazi ya kufanya, nawe umejua asichokijua.

Ugumu mkubwa zaidi kwako pengine ni umati. Wanafunzi kumi na watano kuzunguka kitanda kimoja si ufundishaji, na mgonjwa naye anaonewa. Usijaribu kuwafundisha wote kwa mpigo. Asubuhi gawa wagonjwa watatu kwa makundi matatu, kila kundi limuone mgonjwa wake kabla ya raundi, wewe upite kundi kwa kundi. Wagonjwa wengine wa wodi wapitie pamoja na mtarajali kwa kasi ya kawaida ya kazi. Na mtarajali mwenyewe mpe wanafunzi wa mwaka wa tatu awaoneshe namna ya kupima shinikizo la damu au kusikiliza mapafu. Atakayelazimika kufundisha kesho, leo usiku atasoma.

Jambo lingine ambalo naliona linapuuzwa sana nchini kwetu ni lugha. Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, mwanafunzi anawasilisha kwa Kiingereza, majadiliano yanaendelea kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa, kisha kundi linahamia kitanda kinachofuata. Mgonjwa amesikia maneno kama *failure* akabaki na hofu. Weka utaratibu kwamba hakuna kundi linaloondoka kitandani kabla mwanafunzi mmoja hajamweleza mgonjwa, kwa Kiswahili chepesi, tumeona nini na leo tutafanya nini. Utagundua haraka nani ameelewa ugonjwa na nani amekariri istilahi. Kwangu hicho ni kipimo kikali kuliko maswali ya mtihani, na mgonjwa anapata haki yake pale pale.

Halafu watazame wakifanya kazi. Mwaka 1990 George Miller alichora piramidi ambayo walimu wa tiba bado wanaitumia: chini kuna kujua, juu yake kujua namna ya kufanya, kisha kuonesha unavyofanya, na kileleni kufanya kweli kazini. Mitihani yetu mingi inaishia ngazi za chini. OSCE, ule mtihani wa vituo uliotangazwa na Ronald Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, mwaka 1975, unapanda hadi kuonesha. Kileleni hakufikiwi na mtihani wowote wa chumbani. Kunafikiwa na mtu kama wewe, uliyesimama pembeni dakika kumi na tano ukimtazama mtarajali na mgonjwa halisi. Kwa kazi hiyo kuna fomu fupi iitwayo mini-CEX, iliyotokana na kazi ya John Norcini na wenzake katikati ya miaka ya 1990. Ni ukurasa mmoja: historia, upimaji, mawasiliano, uamuzi, mpangilio, na nafasi ya kuandika kizuri na cha kurekebisha. Ipate, uirekebishe ifae idara yako, uichape.

Fomu hizo ndizo zinazoanzisha jalada lako la ufundishaji.

Jalada hili nataka ulichukulie kwa uzito kama unavyochukulia leseni yako. Nunua faili moja, au fungua folda moja kwenye kompyuta. Ndani yake weka barua yoyote inayohusu kufundisha, hata ile ya mratibu wa mafunzo kukujulisha kwamba wanafunzi wanakuja. Weka ratiba zenye jina lako. Weka maandalizi ya vipindi, maswali ya mtihani uliyotunga, vituo vya OSCE ulivyobuni au kusimamia, na mwongozo wowote ulioandikia wodi. Weka tathmini za wanafunzi, zilizokusanywa bila majina yao na baada ya alama kutoka, ili wasikuogope. Kila kundi linapoondoka, andika ukurasa mmoja wako mwenyewe: nilitaka wajue nini, nilifanya nini, nini hakikwenda, kundi lijalo nitabadilisha nini. Ukurasa huo ndio unaonesha kwamba unakua. Rundo la vyeti vya semina haliwezi kufanya hivyo. Ila chunga sana: humo pasiwe na jina la mgonjwa, namba ya faili wala picha ya uso wake, hata kama ni kwa macho yako tu.

Sasa mwenzako. Tafuta daktari mmoja hospitalini, si lazima awe wa idara yako, mkubaliane kutazamana. Akae kimya kwenye raundi yako moja na baada ya hapo akueleze alichokiona: nani alizungumza zaidi, wewe au wanafunzi, uliwapa sekunde ngapi kabla ya kujibu swali lako mwenyewe, mgonjwa alitazamwa au la. Mwezi unaofuata wewe umtazame yeye. Andikeni, msaini, kila mmoja aweke kwenye jalada lake. Kama kuna muuguzi mkuu wa wodi mwenye macho makali, mwombe naye. Wauguzi wanaona raundi zote, za mabingwa wote, na wanajua ni ipi inayowaacha wanafunzi wakiwa wamejifunza.

Sisemi haya kwa hisia tu. Mwaka 2006 Yvonne Steinert wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 53 kuhusu mafunzo ya walimu wa tiba. Waliona mafunzo hayo yanaridhisha washiriki na kubadilisha mitazamo na mwenendo wao, na kwamba yanayofanya kazi vizuri ni yale yenye mazoezi ya vitendo, mrejesho, na uhusiano mzuri na wenzako. Mapitio yao ya baadaye yaliongeza uzito kwa programu zinazoendelea kwa muda mrefu na kwa jumuiya za walimu ndani ya mahali pa kazi. Kwa maneno mengine, semina ya siku moja hotelini, yenye chai na picha ya pamoja, ni hatua ndogo mno. Ukiwa na fedha au ruhusa ya kuhudhuria jambo moja tu kwa mwaka, chagua lile litakalokurudisha tena na tena kwa watu wale wale.

Tanzania tunao uzoefu wa kujifunzia katika hili. Muhimbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifanya kazi ya miaka ya kubadilisha mitaala ijengwe juu ya umahiri, na mitaala hiyo ikaanza kutumika mwaka 2011. Mtaala mpya haufundishi wenyewe, hivyo ilibidi walimu waandaliwe pia, na likaundwa kundi la walimu wa fani za afya ndani ya chuo. Moshi nao, kupitia MEPI, mpango wa Marekani wa kuimarisha elimu ya tiba Afrika, ulioanza mwaka 2010 na kusaidia taasisi 13 za Afrika, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke kuimarisha ufundishaji na utafiti. Miradi kama hiyo ina tarehe ya mwisho. Inapofika, vifaa huchakaa na posho hukoma, na kinachobaki ni watu waliozoea kukutana na kusaidiana kufundisha. Ndiyo maana nakuhimiza uanze na mwenzako mmoja. Hilo halina mfadhili wa kuondoka.

Kwa kozi yenye mradi, iangalie SAFRI, taasisi ya kikanda ya FAIMER (shirika la Marekani la kukuza elimu ya tiba) yenye makao Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2008 na inayopokea walimu wa fani za afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ni ya miaka miwili: vikao vya pamoja, kazi ya mbali katikati, na kila mshiriki huja na mradi wa elimu wa mahali pake pa kazi. Huachi wodi yako. Ndiyo ningekuwekea mbele ya nyingine zote. Kama lengo lako ni misingi tu kwa muda mfupi, kozi za ESME za AMEE, chama cha kimataifa cha elimu ya tiba kilichoanzia Ulaya mwaka 1972, zinajulikana na zinatolewa hadi kwa intaneti. Wapasuaji wenzako waambie wafuatilie mafunzo ya wakufunzi ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha kanda chenye makao Arusha. Wao wamebahatika: chuo chao kimejengwa tangu mwanzo juu ya wazo kwamba hospitali ndiyo darasa na daktari wa hospitali ndiye mwalimu. Na kabla ya kulipia kozi yoyote, hakikisha inatambuliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa alama za mafunzo endelevu, usije ukalipia mara mbili.

Nimekuahidi machapisho. Ernest Boyer mwaka 1990, na baada yake Charles Glassick na wenzake mwaka 1997, waliwasaidia wasomi wa Marekani kukubali kwamba ufundishaji unaweza kuwa kazi ya kitaaluma inayopimwa kwa vigezo: lengo lililo wazi, maandalizi ya kutosha, njia inayofaa, matokeo yenye maana, uwasilishaji mzuri, na tafakuri ya kukosoa. Soma vigezo hivyo kisha tazama wodi yako. Je, karatasi za ruhusa zinazoandikwa na watarajali zinaeleza dawa, kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi kliniki? Nadhani jibu unalo. Chukua karatasi za miezi mitatu, zihesabu kwa orodha ya vipengele. Andaa kipindi cha saa moja na fomu mpya, wafundishe, wape mrejesho kila wiki. Hesabu tena miezi mitatu inayofuata. Huo ni utafiti wa elimu na ni uboreshaji wa huduma kwa wakati mmoja, na hospitali nzima itafaidika hata kama hakuna jarida litakaloupokea.

Majarida yapo. Kuna *African Journal of Health Professions Education*, ambalo linaelewa mazingira yetu. Kuna *BMC Medical Education*, *Medical Teacher* na mengine. Mengine hutoza ada kubwa ya kuchapisha, kwa hiyo soma masharti na uombe msamaha wa ada kabla ya kutuma. Jambo la kutofanyia mzaha ni kibali cha maadili. Kiombe kabla hujakusanya chochote, kupitia kamati ya chuo mnachoshirikiana nacho. Watarajali ni watu walio chini yako. Anayekupa alama hawezi kukukatalia kwa urahisi. Lazima wajue kwamba kukataa hakutawagharimu, na ni vizuri mtu mwingine ndiye aombe ridhaa yao. Mshirikishe mhadhiri mmoja wa chuo kama mwandishi mwenza wa kweli. Huyo ndiye atakayekufungulia mlango wa kamati, maktaba na takwimu, na yeye anahitaji wodi yako kama wewe unavyohitaji chuo chake.

Hapo ndipo shahada inapoingia. Ukishafanya mradi mmoja au miwili, na ukajiona unataka kusimamia mtaala, kuongoza kitengo cha elimu ya tiba chuoni, au kufanya utafiti wa elimu kama njia yako kuu, basi soma. Vyuo vikuu vya Dundee, Maastricht cha Uholanzi na Stellenbosch cha Afrika Kusini vyote vina programu za uzamili zinazojulikana katika fani hii, na sehemu kubwa ya masomo yake unaweza kuyafuata ukiwa kazini. Utakuwa na maswali yako mwenyewe ya kupeleka kule, na andiko la mwisho litatoka wodini kwako. Lakini ikiwa unachotaka ni kuwa bingwa anayefundisha vizuri kitandani, kozi ya mradi na wenzako zinakutosha, na hiyo fedha ya mkopo usomeshee watoto au upeleke kwenye ubingwa bobezi ikiwa ndiko moyo ulipo. Kama unaelekea huko, nenda bila kujiona umeusaliti ualimu.

Kuhusu wenzako wa mchana, usibishane nao. Mshahara unajulikana na ada za shule zinajulikana. Kutafuta riziki halali si dhambi. Ila usikubali kubeba wanafunzi wao wote kwa sababu wewe ndiye unayebaki. Hilo ndilo linalowachosha walimu wazuri hadi wanaacha. Mpelekee mkuu wa idara ratiba ya mafunzo yenye majina ya mabingwa wote, na siku zako ziwe mbili au tatu kwa wiki, zinazojulikana. Siku nyingine wanafunzi wakikufuata ukiwa kliniki, waelekeze kwa aliye kwenye ratiba. Saa uliyotenga kwa kufundisha nayo ilinde: mwombe mkuu wa idara kliniki yako ya siku hiyo ipunguzwe wagonjwa, maana huwezi kumtazama mtarajali dakika kumi na tano huku benchi la nje limejaa na watu wanagonga mlango.

Imebaki barua. Iandike wewe, usiisubiri. Mwandikie mkuu wa shule ya tiba ya chuo hicho kupitia kwa Mganga Mfawidhi, ukiomba kutambuliwa kuwa mhadhiri wa heshima. Ambatanisha wasifu wako, leseni, na muhtasari wa ukurasa mmoja kutoka kwenye jalada: makundi uliyoyapokea, vipindi ulivyotoa, mitihani uliyosimamia. Omba vitu mahususi: cheo hicho kwa maandishi na muda wake, haki ya kutumia maktaba na majarida ya chuo kwa akaunti yako, nafasi katika mafunzo ya walimu yanayofanyika chuoni, na nakala ya tathmini ambazo wanafunzi wamejaza kuhusu hospitali yenu. Suala la posho litaje kwa heshima na kwa uwazi, ukiuliza makubaliano kati ya chuo na hospitali yanasemaje, kwa sababu mara nyingi fedha za mafunzo kwa vitendo hulipwa hospitalini na daktari wa wodini hajui. Ipeleke mapema kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, wakati chuo bado kinapanga makundi na kinakuhitaji. Wasipojibu ndani ya mwezi, mwombe Mganga Mfawidhi aliweke suala hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho cha hospitali na chuo, na uwemo kikaoni.